Ghala la Pamba Lisiwe Kibanda cha Video Tu

(Haya ni mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja wilayani Kahama.)



Barua yenu nimeipata. Ina kurasa mbili na nimeisoma yote. Mwandiko ni mzuri na nukta zipo mahali pake. Mmeniandikia juu ya lile ghala la zamani la chama cha ushirika, lililokuwa likitunza pamba. Mnasema yupo mfanyabiashara anayetaka kulikodi aonyeshe video humo kila usiku. Mnasema pia wapo akina mama wanaotaka liwe mahali pa ngoma, maigizo na sinema kwa zamu. Mkutano mkuu wa kijiji utaamua. Mmeniomba maoni yangu, nami nitayasema wazi. Lakini kuamua ni juu yenu.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja, neno "msimu". Watu wa mjini husema "msimu wa sanaa" wakiwa na maana ya miezi ambayo ukumbi fulani una michezo mbalimbali: leo muziki, wiki ijayo maigizo, wiki nyingine sinema. Mtu akisikia hivyo anadhani ni jambo la wageni. Sisi wa huku tunalo tangu zamani. Mtama ukishavunwa, pamba ikishauzwa, kazi zikapungua, mwezi wa sita mpaka wa nane, huo ndio msimu wa mbina. Tangu enzi za mababu ni hivyo.

Tena huku mbina si kucheza tu. Ni mashindano. Nadhani wote hapa mnajua Bagalu na Bagika. Wazee walio hapa wengine ni Bagalu, wengine Bagika, na hata leo wakikaa pamoja hutaniana. Vyama hivi viwili vilianza katika karne ya 19. Mabingwa wake walikuwa Gumha na Ngika, wote wawili waganga na wachezaji hodari. Gumha ndiye wa Bagalu, Ngika ndiye wa Bagika. Ubishi wao ulikuwa juu ya nani ana ngoma nzuri zaidi na dawa kali zaidi ya kuvuta watu.

Angalieni namna ya kushindana kwao. Makundi mawili hucheza siku moja, saa ile ile, uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Watazamaji wako huru. Ningi wa upande huu akitunga wimbo unaochoma, watu wanakimbilia kwake. Upande wa pili wakitoa kituko, labda sanamu ya mti inayochezeshwa, au chatu anayevikwa shingoni, watu wanageuka na kukimbilia kule. Mwisho wa siku mshindi ni yule mwenye watu wengi zaidi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wenyewe wanapiga kura kwa miguu yao.

Mimi napenda sana jambo hili, na nataka mlikumbuke katika mkutano wenu. Katika kibanda cha video mtu hulipa mlangoni kwanza. Picha ikiwa mbaya atafanya nini? Hela imekwisha kwenda. Katika uwanja wa mbina mchezaji mbaya anaachwa peke yake juani, na mwaka unaofuata anarudi na wimbo bora. Kwa sababu hiyo maningi hutunga nyimbo mpya kila mwaka. Huwezi kuwarudishia watu wa Usukuma wimbo wa mwaka jana ukategemea wakae.

Na ngoma zenyewe ni nyingi. Iko bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotoka kwa vikundi vya kulima pamoja: ngoma ilipigwa shambani ili majembe yaende sawa na mtu asisikie uchovu. Iko ya Bayeye, watu wa nyoka, ambao pia wanajua dawa za kuumwa na nyoka. Iko ya Banungule, wawindaji wa nungunungu. Iko wigashe, inayochezwa watu wamekaa. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kijiji hakina vitu vya kutosha kujaza msimu mzima, mwambieni ahesabu kwanza.

Sasa mtauliza: je, kuna mahali karibu na kwetu walipojaribu kuweka mambo haya pamoja? Ndiyo, pako. Ni Bujora, pale Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya Musoma. Padri mmoja kutoka Kanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alikaa hapo tangu miaka ya 1950. Aliona vijana wa mission wanaambiwa waache ngoma, naye akafanya kinyume: akaziita ngoma kanisani. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo huangukia mwezi Mei au Juni, ikawa sikukuu ya ngoma, ikaitwa Bulabo, maana yake maua. Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapo mwaka 1968. Padri Clement alifariki mwaka 1986. Ngoma za Bulabo hazikufa naye. Bagalu na Bagika wameendelea kukutana pale. Humo ndani ya makumbusho mtaona ngoma za watemi, viti vyao, na vifaa vya wachezaji.

Wa upande wa Geita zamani walikuwa wanaogopa safari ya Mwanza kwa sababu ya kusubiri kivuko. Siku hizi kisingizio hicho kimekwisha. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa karibu kilomita 3, lilifunguliwa mwezi Juni mwaka 2025. Darasa likichanga nauli linaweza kupeleka wajumbe watatu Bujora wakaone na kuuliza. Ningekuwa nyinyi ningepeleka akina mama wawili na kijana mmoja.

Haya, tuje kwenye sinema.

Sinema nayo si ngeni vijijini. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, na makao yake yalikuwa hapa hapa kwetu, Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanga. Katika miaka miwili walitengeneza sinema 35 fupi fupi: za kilimo, za afya, za kuweka akiba posta. Walizungusha sinema hizo kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Kasoro yake ilikuwa moja kubwa. Mwafrika aliigiza, lakini hakuulizwa anataka kusema nini. Mtu wa kijijini katika sinema zile mara nyingi ni mjinga anayefundishwa.

Baada ya Uhuru magari ya sinema ya serikali yaliendelea kuja. Wazee wanakumbuka: gari linafika jioni, shuka jeupe linafungwa kwenye miti miwili, mashine inanguruma, na watoto wanakwenda nyuma ya shuka kutafuta watu wanaoongea. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa uwanjani, mpaka vikongwe.

Baadaye Watanzania walitengeneza sinema zao. Nitaitaja moja tu, kwa sababu inatugusa. Inaitwa Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985. Waliiongoza Nangayoma Ng'oge, Mtanzania, na Ron Mulvihill, Mmarekani. Mariamu ni mwanamke mgonjwa. Amekwenda hospitali, hajapona. Mumewe anataka ampeleke kwa mganga wa jadi, lakini Mariamu anaogopa waganga kwa sababu ya jambo lililompata utotoni. Siwaambii mwisho wake.

Nawaulizeni: sinema kama hiyo ikionyeshwa hapa kwetu, watu wataondoka kimya? Hawataondoka kimya. Hapa kwetu tuna waganga wa kweli wanaojua miti. Tuna pia wapiga ramli ambao wameleta damu. Wanawake wazee wameuawa Shinyanga na Geita kwa sababu ya macho mekundu, na kila mama hapa anajua macho yale yanatoka wapi: ni moshi wa miaka hamsini ya kupikia vinyesi vya ng'ombe na mabua ya pamba. Ndugu zetu wenye ualbino nao waliwindwa kama wanyama, hasa tangu mwaka 2007. Juu yao ipo sinema ya kweli, si ya kuigiza, ya mwaka 2012, iliyopigwa hapa Tanzania na Mwingereza Harry Freeland. Humo anaonekana Josephat Torner, mwenye ualbino mwenyewe, akienda vijiji vya kanda hii kuongea na watu uso kwa uso. Mambo kama haya ofisa akiyasema mkutanoni watu huinamisha vichwa. Yakionekana kwenye shuka jeupe, watu huanza kubishana. Na mimi nataka wabishane.

Sasa huyu mfanyabiashara wa video. Msinielewe vibaya, simchukii. Vibanda vya video, ambavyo vijana wanaviita "kibanda umiza" kwa sababu ya kubanana kwenye mabenchi, vimefanya kazi moja nzuri. Vimeleta watafsiri. Mtu anakaa na kipaza sauti, sinema ya Kichina au ya Kihindi inakwenda, yeye anaieleza kwa Kiswahili cha mtaani, anaongeza chumvi, anamtaja hata jirani yake. Huko Dar es Salaam alivuma mmoja aliyeitwa Lufufu. Hiyo nayo ni sanaa. Babu akisimulia hadithi za fisi na sungura hufanya vile vile.

Lakini kibanda kina mambo matatu ninayoyaogopa. La kwanza ni saa. Picha huanza usiku, na mwanamke hawezi kutoka. Akitoka atasemwa, na njiani hakuna usalama. Kwa hiyo ghala, ambalo lilijengwa kwa pamba iliyolimwa na akina mama kwa mikono yao, litakuwa mali ya wanaume. La pili ni watoto. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa, na Bodi ya Filamu hupanga kila filamu ifae watu wa umri gani. Katika vibanda vingi hakuna anayemuuliza mtoto umri wake, mradi ana hela. La tatu ni kwamba hela inatoka kijijini na hairudi.

Hili la hela tulifanyie hesabu, maana mmejifunza hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Nyinyi mtaweka za kwenu.

Tuseme mfanyabiashara atalipa kodi shilingi 30,000 kwa mwezi. Hizo ni hela safi, hamtoki jasho.

Tuseme kikundi kinaendesha ghala chenyewe, onyesho moja kila wiki, maonyesho manne kwa mwezi. Kiingilio shilingi 500. Wakija watu 80 mnapata shilingi 40,000 kwa onyesho. Toeni 15,000 za kukodi projekta na spika, 6,000 za mafuta ya jenereta, 10,000 za wachezaji wa ngoma na maigizo, 3,000 za mlinzi. Jumla ya matumizi ni 34,000. Zinabaki 6,000. Mara nne ni 24,000.

Kwa hiyo msidanganyike. Mfuko wa ghala utapata kidogo kuliko kodi ya mfanyabiashara: 24,000 badala ya 30,000. Mtu akisimama mkutanoni akasema ngoma italeta utajiri, mpingeni. Lakini angalieni zile 10,000 za wachezaji na 3,000 za mlinzi. Mara nne ni 52,000, na hizo zinaingia mifukoni mwa watu wa hapa hapa. Na watu wakija 60 tu badala ya 80? Mnapata 30,000 na mmetumia 34,000. Hasara. Kwa hiyo msianze kabla hamjajua mtajaza mabenchi. Anzeni na onyesho moja kwa mwezi, kwa projekta ya kuazima.

Hata njia ya katikati ipo, nami naona ndiyo bora. Mfanyabiashara apewe siku tatu za wiki, kwa mkataba ulioandikwa, kwa masharti ya saa na ya watoto, naye alipe. Siku zinazobaki ni za kijiji. Hela yake itengeneze paa, maana paa lile linavuja.

Niwasimulie sasa habari ya Malya, kijiji cha Kwimba, ambako siku hizi kuna chuo cha michezo. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kukaa pale. Miongoni mwao walikuwa Penina Muhando, anayeitwa pia Penina Mlama, na Amandina Lihamba, ambaye pia aliigiza katika ile sinema ya Mariamu. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Waliuliza wanakijiji: shida yenu kubwa ni nini? Shida mojawapo iliyojitokeza ni wasichana wa shule kupata mimba. Vijana wa Malya wenyewe wakaitungia maigizo na ngoma, kwa ngoma za hapo hapo, wakacheza mbele ya wazazi wao. Baada ya kucheza, watu wakakaa wakajadili.

Kutunga na kujadili, hayo mawili ndiyo siri ya mambo haya. Kijana aliyetunga hawezi kusema kwamba jambo halimhusu. Na mzazi aliyeona binti anaigiza kilio mbele yake hawezi kusema hakusikia.

Na kujadili sisi wa kisomo ndiyo kazi yetu. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili, halafu wakachimba vyoo. Redio ikizimwa kazi ndiyo kwanza ilianza. Mimi nilikuwa sijazaliwa, nimeyapata kwa walimu wangu chuoni. Nasema tufanye hivyo hivyo kwa sinema. Picha ikiisha, taa iwashwe, kiongozi aulize maswali matatu. Nani ametendewa vibaya? Angeweza kufanya nini? Hapa kwetu ingekuwaje? Na karani wa darasa aandike majibu. Mtakuwa mmefanya zoezi la kuandika bila kujua.

Jambo jingine. Kijiji hiki si cha Wasukuma peke yao tena. Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, watu walimiminika. Huko machimboni kwa wachimbaji wadogo utakuta Muha, Mkurya, Mhaya na Mnyamwezi katika shimo moja. Wimbo wa ningi, wenye mafumbo ya Kisukuma cha ndani, Muha hataupata. Sinema ya Kiswahili ataipata. Na yeye ana ngoma yake ambayo hatujaiona. Mpeni Jumamosi yake. Vijana wa machimbo watungiwe, au watunge, mchezo juu ya zebaki: namna inavyochomwa kwenye kikaango kile kile cha chakula, na mama anayeivuta akiwa na mtoto mgongoni.

Mkiamua kwenda njia hii, yako mambo ya ofisini ya kufanya mapema. Muoneni Ofisa Utamaduni wa wilaya kwa ajili ya kibali. Sinema msinunue za wizi. Mwenye sinema ana haki yake, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Mwandikieni barua mumwombe ruhusa. Wapo watengenezaji wanaofurahi sinema yao ikionwa kijijini. Huko Zanzibar tamasha la sinema, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limekuwa likitoa sinema mjini na kuzipeleka vijijini Unguja na Pemba. Na kama kuna mtu wa maigizo mnayetaka kumwita, Chuo cha Ualimu Butimba na chuo cha sanaa kilichoko Bagamoyo vina wanafunzi wanaojua kazi hiyo. Anwani nitaziandika ubaoni.

Saa ya kuanza naomba iwe saa kumi alasiri kwa ngoma na maigizo, kwa sababu jua bado lipo na akina mama watarudi mapema. Sinema inataka giza. Lakini ghala lina madirisha manne tu. Yafungeni kwa magunia ya pamba, mtapata giza saa kumi na moja. Shuka jeupe liwe moja kubwa, lisiwe na viraka. Mlangoni akae mama mwenye kitabu cha stakabadhi, na hesabu zisomwe mkutanoni kila mwezi, hata kama ni hasara.

Mimi nimesema yangu. Katibu, andika kwamba ofisa ameshauri njia ya katikati, siku tatu na nne. Andika pia kwamba baba aliyekaa karibu na mlango ametikisa kichwa kukataa, maana nimemwona, na nataka nisikie sababu yake. Lakini kabla yake mayu pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Mayu, karibu, sema.